Chanda Kilichovuliwa Pete

Injini ilifika Jumanne, imefungwa kwa mikanda juu ya mbao,
imepakwa rangi ya chungwa kama jambo la kusherehekewa,
na kikaratasi chenye mwandiko wa fundi wa Melville:
imechongwa upya, pistoni mpya, beringi mpya,
asiyefuata maelekezo asinipigie simu.

Orest aliizunguka mara mbili, mikono mfukoni,
kama anayekagua ng'ombe mnadani.
Mimi nikalitazama gari letu ndani ya banda:
nyumba ya magurudumu, ya mwaka sabini na nne,
mapazia niliyashona mwenyewe,
na katikati ya viti viwili vya mbele, shimo.
Waliolitengeneza waliiweka injini hapo,
baina ya mume na mke,
chini ya kifuniko cha zulia ambacho juu yake miaka yote
tuliweka chai, ramani na ugomvi.

Ya zamani ilikufa mlimani, kaskazini ya ziwa,
kwa kelele za sahani kabatini.
"Liuzeni chuma chakavu," alisema Taras kwenye simu.
Liuzwe kwa kilo! Na humo ndimo alimojifunza kusoma,
bango kwa bango, kutoka Saskatchewan hadi baharini.

Wanasema chanda chema huvikwa pete.
Changu nilikivua saa mbili asubuhi,
nikaitundika pete msumarini, kando ya kalenda ya wauza mbegu,
maana betri haijui ndoa:
dhahabu ikikutana na spana mahali pabaya, kidole huiva.

Mikono ya Orest ni ya miaka thelathini ya maghala ya ngano;
haipiti kwenye boliti ya juu kabisa ya gia boksi.
Wangu hupita. Nikalala kifudifudi,
bega ndani ya shimo, tochi mdomoni,
yeye chini, chali, akipandisha jeki pumzi kwa pumzi,
na kati yetu kilo mia tatu zikining'inia kwa mnyororo.
"Kushoto."
"Kushoto kwa nani?"
"Kwako."
"Kwangu kupi, kichwa kikiwa chini?"

Kitabu kilisema kibuyu cha gia kiingie kwa milio mitatu.
Nilisikia miwili. Nikasema: miwili.
Akasema: mitatu, mmoja umemezwa na redio.

Tukakaza. Boliti zake, kisha ile yangu.
Akatia spana ndefu aizungushe injini kwa mkono.
Haikuzunguka.

Hakusema kitu. Alitoka nje, akasimama kwenye jalidi
muda wa kutosha sigara aliyoacha zamani,
akarudi na vikombe viwili, akaanza kulegeza.
"Miwili," nilimsikia chini ya gari,
sauti ya mtu anayelipa deni.

Ijumaa ukaja wa tatu. Tuk.
Mdogo tu, kama kufuli ya sanduku.

Jumapili, baada ya misa, ilikohoa,
ikatema moto kwenye kabureta, ikachukua nusu ya nyusi yake,
ikawaka.
Dakika ishirini kwa kasi, kitabu kilisema, msiiache ipoe,
vyuma vipya vizoeane.
Basi mimi mguu kwenye mafuta, yeye na tochi akitafuta vuja,
rangi ya chungwa ikifuka moshi, hatusikiani,
tunasemezana kwa vidole kama mabubu.
Dakika ya kumi na nne akaona tone. Akalinusa. Akalilamba.
Maji ya theluji, kutoka kwenye buti lake.

Nilipoinua mguu ikashuka, ikatulia,
na kijiko kikaendelea kutetema peke yake kikombeni.

Kidole kimevimba; pete haipiti, bado iko msumarini.
Hajauliza.
Boliti moja ilibaki. Iko mfukoni mwa koti lake.
Anadhani sijaiona.